Udaktari au Uhandisi? Mwalimu wa Shule ya Msingi na Uchaguzi wa Tahasusi

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapokwisha kutangazwa, huwapo katika kila kata vijana wachache waliofaulu vizuri masomo yote ya sayansi, na furaha yao huchanganyika upesi na wasiwasi. Walipokuwa shuleni walijaza fomu ya kuchagua tahasusi, aghalabu kwa haraka, pengine kwa kufuata alivyojaza jirani wa dawati. Sasa Ofisi ya Rais TAMISEMI imefungua mlango wa kubadili machaguo kwa muda mfupi, na kijana ameketi nyumbani akijiuliza kama aende PCB au PCM, maana moyo wake mmoja unapenda udaktari na moyo wake wa pili unapenda uhandisi. Shule yake ya sekondari iko mbali. Wazazi wake hawakufika huko. Basi huvaa shati safi, akavuka uwanja, akapiga hodi kwa mwalimu aliye karibu. Na mwalimu huyo, ndugu wanachuo, mara nyingi ni mwalimu wa shule ya msingi.

Naandika makala hii kwa sababu nimewasikia walimu wanafunzi wakisema kwamba jambo hili si letu. Husema kwamba sisi tunaandaliwa kufundisha kuanzia darasa la kwanza, na kwamba tahasusi ni mambo ya wakuu wa sekondari na maofisa elimu. Sikubaliani nao. Licha ya kwamba tutaulizwa tupende tusipende, nadhani uchaguzi huo kwa sehemu kubwa hufanyika mikononi mwetu, miaka sita au saba kabla ya fomu kujazwa, wala hatutambui kwamba tunaufanya.

Tuanze na jambo lenyewe lilivyo, maana hakuna shauri jema litokalo katika habari pungufu. PCB ni Fizikia, Kemia na Biolojia. PCM ni Fizikia, Kemia na Hisabati. Kwa hiyo masomo mawili ni ya pamoja, na tofauti yote imelala katika somo moja. Lakini somo hilo moja lina uzito wa ajabu. Vyuo vyetu vinavyofundisha udaktari wa binadamu, kikiwamo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, hudai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia kwa pamoja. Aliyesoma PCM, hata akipata alama za juu kuliko wote nchini, hana Biolojia ya kidato cha sita na hawezi kupokewa. Uhandisi nao, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kwingineko, husimama juu ya Fizikia na Hisabati ya kidato cha sita. Aliyesoma PCB husoma pia lile somo dogo la hisabati ambalo wanafunzi wenyewe huliita BAM, nalo ni somo la maana, ila halihesabiwi kuwa badala ya Hisabati kamili.

Kwa maneno mengine, kwa kijana anayesita baina ya kazi hizi mbili hakuna tahasusi ya katikati. Wako wanaomwambia, "Chukua PCB, ni pana zaidi," na wako wanaomwambia hivyo hivyo juu ya PCM. Wote wawili wanasema nusu ya kweli. PCB hufungua udaktari, ufamasia, uuguzi, maabara, mifugo na mengi ya kilimo. PCM hufungua uhandisi wa kila namna, usanifu majengo, kompyuta, takwimu na jiolojia. Kila moja ni pana upande wake, na kila moja hufunga mlango mmoja kati ya ile miwili ambayo kijana wetu anaitazama. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi kutoka 16 hadi 65, na wengi walidhani tatizo hili limekwisha. Halikwisha, kwa sababu mwanafunzi bado huchukua masomo makuu matatu, na masomo anayoyahitaji huyu ni manne.

Yafaa kukumbuka kwamba si kila nchi imeiweka njia panda mahali petu. Jirani zetu wa Kenya, katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, mwanafunzi hodari aliweza kubeba Hisabati, Fizikia, Kemia na Biolojia zote hadi mtihani wa mwisho wa sekondari, kisha akachagua kozi ya chuo kikuu. Sisi tulibaki na kidato cha tano na cha sita tulichorithi kwa Waingereza, ambapo kijana hupunguza masomo kwanza na kuchagua kazi baadaye. Katika miaka ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, baina ya 1963 na 1970, jambo lilikuwa gumu zaidi: shahada ya uhandisi ilitolewa Nairobi na udaktari ulikuwa na makao yake ya zamani Makerere, hata Mtanzania aliyesita baina ya kazi hizi alikuwa akisita pia baina ya nchi mbili ambazo si yake. Kitivo cha udaktari kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1968 na kile cha uhandisi mwaka 1973. Leo vyuo vya kazi zote mbili vimeenea nchini. Kilichobaki kuwa kigumu ni ile karatasi ya tahasusi.

Sasa, anayekuja kwetu akisita ni nani? Rai yangu ni kwamba chini ya jina hili moja la "asiyeamua" kuna watu wawili wasiofanana kabisa, na kosa kubwa la washauri ni kuwapa shauri moja.

Mtu wa kwanza anapenda vyote viwili kweli. Huyu ametengeneza redio ya mjomba wake na pia amesoma kijitabu cha huduma ya kwanza hadi kikachanika. Mtu wa pili hapendi vyote viwili, anaikimbia Hisabati. Anataja uhandisi kwa sababu alama zake zinaruhusu na rafiki zake wanautaja, lakini moyoni ameshaandika PCB, na sababu aliyoiandikia PCB si wagonjwa bali ni kwamba ndani yake hakuna herufi M. Kwa uzoefu wangu huyu wa pili ndiye aliye mwingi. PCB imekuwa kwa wengi nyumba ya kujificha na mvua.

Na ni nyumba inayovuja. Fizikia ya kidato cha tano haisomeki bila aljebra na trigonometria. BAM yenyewe ina mambo ambayo mkimbizi wetu alidhani ameyaacha nyuma. Na mwisho wa safari daktari hukuta hesabu zikimngoja kando ya kitanda. Mtoto mwenye kilo 12 anahitaji parasetamoli kwa kipimo cha miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake, na dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Apewe mililita ngapi? Ni 180 kugawanya kwa 24, yaani mililita 7.5. Mgonjwa mwingine anatakiwa kupata lita moja ya maji ya mshipani kwa saa 8, na mpira uliopo hutoa matone 20 kwa mililita. Matone mangapi kwa dakika? Matone 20,000 kwa dakika 480, karibu matone 42. Hesabu hizi si za chuo kikuu. Ni uwiano na kugawanya, kazi ya shule ya msingi, na anayezikosea kwa nukta moja ya desimali ameongeza dawa mara kumi.

Kwa hiyo kijana wa namna ya pili asiambiwe "nenda PCB" wala "nenda PCM." Aulizwe kwanza anakimbia nini. Mara nyingi mtaona kwamba hakushindwa Hisabati ya kidato cha nne, bali alishindwa mwalimu mmoja au mada moja, na baada ya hapo hakurudi. Huyu akipewa miezi hii ya kungoja, akakaa na mtu mvumilivu, anaweza kurudi. Nanyi mtakuwa na kitabu, ubao na jioni.

Kijana wa namna ya kwanza ndiye hasa mwenye taabu ya heshima. Kwake napendekeza tuache swali lile tulilolizoea, "Unataka kuwa nani?", kwa sababu ni swali la vyeo, na mtoto hulijibu kwa kutazama nyuso za wakubwa. Tumwulize juu ya kazi. Daktari anayeanza hupita miaka 5 ya chuo na mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Siku yake ni ya watu: huzungumza, husikiliza, hugusa, huamua haraka kwa habari zisizotosha, huamshwa usiku, na mara nyingine hufiwa na mgonjwa aliyemjua jina. Mhandisi hupita miaka 4 ya chuo, kisha huongozwa kazini miaka mingine kadhaa kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijamsajili kuwa mhandisi mtaalamu. Siku yake ni ya vitu na ya karatasi: hupima, huchora, hukadiria gharama, hubishana na mkandarasi juu ya ubora wa saruji, huishi porini miezi kadhaa barabara ikijengwa. Kosa la daktari huonekana usiku ule ule. Kosa la mhandisi huweza kulala miaka kumi ndani ya nguzo. Kijana akielezwa hivi, na hasa akiruhusiwa kukaa siku nzima katika zahanati na siku nyingine penye ujenzi wa tangi la maji, mara nyingi hujijibu mwenyewe. Asipojijibu, hana hasara, maana atakuwa amejua kitu.

Kuna hoja ya wazazi ambayo hatuwezi kuipita. Mzazi husema, "Mwanangu awe daktari, kazi ni ya uhakika." Miaka mingi iliyopita usemi huo ulikuwa wa kweli karibu bila masharti. Siku hizi daktari kijana aweza kumaliza utarajali wake akakaa akingoja ajira, na mhandisi vilevile. Mwalimu asimvunje mzazi moyo wala asimdharau, kwani mzazi anasema kutoka katika umaskini anaoujua kuliko sisi. Lakini uhakika wa kazi usiwe uzito unaowekwa upande mmoja tu wa mizani.

Na ikiwa baada ya yote hayo kijana bado amesimama katikati? Hapa watu wengi wenye elimu hukasirika nikisema neno hili, lakini nitalisema: atazame shule anayoweza kupangiwa. Nani anafundisha Hisabati ya kidato cha tano pale? Maabara ya Biolojia ina hadubini ngapi zinazofanya kazi? Tahasusi haisomwi hewani. Kijana anayependa kazi zote mbili kwa usawa, akapelekwa mahali ambapo Hisabati haina mwalimu tangu mwaka juzi, amechaguliwa tayari, na ni afadhali ajue mapema kuliko kujua muhula wa pili. Mambo mengine yakiwa sawa kabisa, mimi huegemea PCM, kwa sababu moja tu: mtu mzima mwenye bidii aweza kujisomea Biolojia akaielewa kwa sehemu kubwa, lakini ni wachache wanaojifunza Hisabati ya ngazi ile bila mtu wa kuwaongoza. Huu ni upande wangu, na mkufunzi mwenzangu wa Sayansi haukubali. Tumebishana juu yake chai nyingi.

Lazima pia kijana aambiwe kwamba mlango ukifungwa, dirisha huweza kubaki wazi. Zipo njia za stashahada kutoka kidato cha nne moja kwa moja: utabibu upande wa afya, na upande wa ufundi Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha na vinginevyo. Upo pia uhandisi wa vifaa tiba, kazi ya mtu anayefanya mashine za hospitali ziishi: mashine za eksirei, za oksijeni, za kuwatunzia watoto njiti. Nimeona macho ya vijana yaking'aa wanapoisikia kazi hii kwa mara ya kwanza, kwa kuwa ni kana kwamba mtu amewaambia kuwa ile mioyo miwili yaweza kukaa katika kifua kimoja. Wengi hawajapata kuisikia.

Baada ya hayo nirudi kwetu. Nilikuwa nyuma ya darasa la sita katika shule moja, wakati wa mazoezi ya kufundisha, nikimtazama mwalimu mwanafunzi akifundisha kuhusu kazi mbalimbali. Aliuliza lile swali la kawaida, akaandika majibu ubaoni: rubani, mwalimu, mwanajeshi, daktari. Msichana mmoja wa dawati la mbele akasimama akasema, "Mimi nataka kuwa daktari, mwalimu, kwa sababu hesabu sizijui." Mwalimu akamsifu, darasa likapiga makofi, na daktari akaandikwa ubaoni mara ya pili.

Msichana yule alikuwa na miaka kumi na miwili hivi. Amebakiwa na miaka minne au mitano kabla ya kujaza fomu, lakini fomu yake ameshaijaza. Hatakuwa kamwe "asiyeamua baina ya udaktari na uhandisi," na haitakuwa kwa sababu alipima kazi hizo mbili. Mahali fulani, nadhani ni darasa la nne au la tano, pale sehemu zinapoanza na mtoto akaambiwa atafute asili ya pamoja bila kuonyeshwa hata chungwa moja lililokatwa, alipotea, na hakuna aliyerudi kumtafuta. Pengine aliwahi kuambiwa pia kwamba hesabu ni za wavulana. Maneno hayo bado yanasemwa katika shule zetu, mara nyingine kwa mzaha, na walimu wa kike nao huyasema.

Ndiyo maana ninasema uchaguzi wa tahasusi umo mikononi mwetu. Katika sekondari Hisabati na Biolojia hufundishwa hadi kidato cha nne, kwa hiyo mtoto aweza kuyafikisha yote mawili penye njia panda. Kwa kweli, hata hivyo, wengi hufika na mguu mmoja tu. Kazi yetu ni kuwafikisha na yote miwili. Mtoto aweze kuchagua PCB huku PCM ikiwa wazi mbele yake. Hapo ndipo uchaguzi wake utakapokuwa uchaguzi.

Kwa upande wa mbinu, sidhani kwamba dawa ni kuita daktari mwenye koti jeupe aje ahutubie paredi. Ni jambo zuri, watoto hufurahi, na kesho yake wamesahau kila kitu isipokuwa koti. Nafikiri dawa ni kuziingiza kazi hizi ndani ya masomo yenyewe, mahali ambapo hazikutajwa kwa jina. Chukueni mada ya uwiano. Vitabu vyetu hupenda kugawa fedha baina ya Juma na Asha. Badala yake, wekeni ile hesabu ya dawa ya mtoto wa kilo 12, na mkononi mwenu mshike kijiko cha mililita 5 ili waone kwamba 7.5 ni kijiko kimoja na nusu. (Mwaonye watoto kwamba hii ni hesabu wala si ruhusa ya kumpa mdogo wao dawa.) Kipindi kinachofuata wekeni zege ya uwiano wa 1 : 2 : 4, saruji, mchanga na kokoto. Fundi ana ndoo 10 za mchanga. Anahitaji ndoo ngapi za saruji na ngapi za kokoto? Watoto wataona wenyewe kwamba hesabu ya nesi na hesabu ya fundi ni hesabu moja. Asiyeiweza ya kwanza hawezi kuikimbilia ya pili.

Katika Sayansi, napendekeza sana somo la pampu na moyo. Leteni pampu ya baiskeli, hata mbovu. Ifungueni. Kile kipande cha ngozi au cha plastiki kinachoruhusu hewa kwenda upande mmoja na kuizuia kurudi ni vali. Kisha watoto washike vifundo vya mikono yao, wahesabu mapigo kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Waruke ruke mahali walipo dakika moja, wahesabu tena. Wachore moyo. Humo nao mna vali, nazo zina kazi ile ile. Nimewahi kuona somo hili likifundishwa bila zana yoyote nyingine, na mvulana aliyekuwa akisinzia juma zima akauliza kama vali ya moyo ikichakaa mtu aweza kuwekewa ya ngozi. Swali hilo ni la daktari na la mhandisi kwa pamoja. Jibu, kwa njia, ni kwamba vali za kutengenezwa na hata za wanyama huwekwa kweli.

Kwa madarasa ya juu, kisa cha kipindupindu cha London chafaa vipindi viwili vizima. Mwaka 1854 daktari John Snow alifuatilia vifo nyumba kwa nyumba, akaona vimekusanyika kuzunguka pampu moja ya maji katika mtaa wa Broad Street, akawashawishi wakubwa wa mtaa waondoe mpini wa pampu hiyo. Hakuwa amekiona kijidudu. Alihesabu na kutazama ramani. Lakini Snow hakumaliza kipindupindu cha London. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka hata wabunge wakashindwa kukaa, na ndipo mhandisi Joseph Bazalgette akapewa fedha za kujenga mifereji mikubwa ya maji machafu chini ya mji. Kipindupindu kilipokuja tena mwaka 1866 kilishambulia hasa upande wa mashariki, ambako mfumo wa mifereji ulikuwa haujakamilika. Kisha watoto watoke nje, wapime kwa kamba na hatua umbali wa kisima cha kijiji na choo kilicho karibu, na wajue kwamba mita 30 ndiyo inayoshauriwa kwa kawaida. Waulizeni: ni nani anayetakiwa hapa, daktari au mhandisi? Waacheni wabishane. Msitoe jibu.

Ingefaa pia tujihadhari na jambo moja dogo la lugha. Mtoto huondoka kwetu akijua "uwiano," "kizio," "mapigo ya moyo," na kufika kidato cha kwanza akakuta maneno yote yamevaa Kiingereza. Wengi wanaosema kwamba sayansi iliwashinda walishindwa na maneno hayo katika miezi mitatu ya kwanza. Mwalimu wa darasa la mwisho akiwapa watoto wake orodha ya maneno mia moja ya hisabati na sayansi katika lugha zote mbili, ameokoa wengi kuliko hotuba nyingi.

Sasa kwa wanaokwenda mazoezini muhula huu, na ambao pengine watapigiwa hodi na kijana wa kidato cha nne. Msimjibu siku hiyo hiyo. Mwambieni aje na karatasi ya matokeo yake yote, si ya sayansi tu. Tazameni pengo kati ya Hisabati na Biolojia. Likiwa kubwa, mwulizeni lilianza lini. Mpeni juma moja akatazame kazi mbili zile kwa macho yake, kama zahanati na ujenzi vipo karibu. Mwulizeni mzazi anaonaje, na kwa mzazi nendeni ninyi, msimtume kijana. Halafu fungueni pamoja mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, msome masharti ya kozi anazozitaja, kwa maana masharti ya alama hubadilika na yale mliyoyasikia kwa kaka zenu huenda yamekwisha kupita. Kurasa za udaktari na za uhandisi si nyingi. Mwaweza kuzinakili katika maktaba ya chuo kabla ya gari kuondoka, pamoja na tarehe ya mwisho ya kubadili tahasusi, ambayo watu wengi huikumbuka ikiwa imepita siku mbili.